Kichaa katika Kalamu Zetu: Uhakiki wa Maneno ya Wazimu Mitaani na Magazetini

Ukitembea kutoka Wandegeya hadi Old Taxi Park utakutana na maneno ya wazimu njia nzima. Dereva wa teksi humwita mwendesha boda boda "mulalu" kwa Kiganda, naye humrudishia tusi lilo hilo kwa Kiswahili cha mjini. Mchuuzi wa viatu hunadi "bei za kichaa". Abiria aliyekwama husema foleni ya leo ni ya wazimu. Mbunge akitajwa redioni, hakosekani wa kusema kwamba yule alitoroka Butabika. Magazeti nayo hayako nyuma. Mashabiki wa mpira "hupagawa", bei za bidhaa "huchizika", na mwanasiasa anayehama chama "hurukwa na akili".

Katika matumizi yote hayo hakuna anayemzungumzia mgonjwa. Ugonjwa umeazimwa ili useme jambo jingine: kasi, ghali, furaha, hasira, usaliti. Mtu anaweza kusema kwamba hilo ni la kawaida, kwa kuwa kila lugha huazima picha kutoka mwilini. Twasema soko limepooza na uchumi umeugua, wala hakuna anayelalamika. Lakini maneno ya wazimu yana tofauti moja. Aliyepooza akisema anaumwa, husikilizwa. Aliyeitwa kichaa akisema chochote, hata jambo la kweli, maneno yake hayahesabiwi.

Hoja yangu ni moja. Maneno haya hufanya kazi mbili zinazoonekana kupingana. Kwa mtu asiye na nguvu, hunyang'anya kauli: akishaitwa kichaa, hasikilizwi tena. Kwa mtu mwenye nguvu, hutoa msamaha: matendo yake yakishaitwa wazimu, haulizwi tena alifanya nini, na nani, kwa faida ya nani. Katikati ya kazi hizo mbili, mgonjwa halisi hupotea.

Maneno yenyewe

Kiswahili hakina uhaba wa msamiati huu. Kuna mwendawazimu, kichaa, mwehu, majinuni, punguani, taahira na chizi, pamoja na misemo kama kupandwa na wazimu, kurukwa na akili na kupagawa. Anayejifunza lugha anaweza kudhani kwamba yote ni visawe. Sivyo. Kila neno limebeba maelezo yake kuhusu chanzo cha hali. Mwendawazimu ni yule aendaye na wazimu, na neno wazimu lina undugu na mizimu, kwa hiyo chanzo ni nguvu za waliokufa. Majinuni lina asili ya Kiarabu na linatuelekeza kwa majini. Kupagawa ni kuingiwa na pepo. Punguani limetokana na kupungua. Hapa hakuna pepo, bali akili inapimwa kama nafaka na kuonekana haikujaza kibaba. Taahira ni mtu ambaye akili yake haikukua sambamba na umri wake. Chizi ni neno la vijana wa mjini, jepesi mdomoni kiasi kwamba huweza kugeuka sifa. Kijana akisema "machizi wangu" ana maana ya marafiki zake.

Lugha za Uganda nazo hutofautisha. Mtafiti John Orley, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu utamaduni na ugonjwa wa akili nchini Uganda, alichunguza namna Waganda wanavyozitaja hali hizi. Kiganda hakitumii neno moja kwa kila kitu. Kuna eddalu, yaani wazimu wenyewe, ambao mtu huuangukia: hukumuangukia yeye, bali yeye ndiye "aliyeanguka wazimu". Kuna ensimbu, yaani kifafa. Kuna obusiru, yaani upumbavu. Kuna pia akazoole, wazimu mdogo ambao jirani anaweza kuuzungumza kwa tabasamu. Anayesema Kiganda nyumbani na Kiswahili darasani ana hazina kubwa ya kutofautisha hali za akili. Cha kusikitisha ni kwamba tukishika kalamu hazina hiyo hufungwa. Mwenye kifafa, mwenye sonona, aliyelewa, aliyekasirika na aliyeua wote huingizwa ndani ya neno moja: kichaa.

Neno hilo kichaa linastahili kutazamwa kisarufi. Katika "wazimu" na "mwendawazimu" hali ina jina lake na mtu ana lake. Katika "kichaa" hali na mtu wanatumia jina moja. Twasema "kichaa kimempanda" tukiwa na maana ya hali, na "kichaa amepita" tukiwa na maana ya mtu. Kwa hali, neno hufuata ngeli yake ya KI-VI. Kwa mtu, tunalivisha upatanisho wa A-WA juu ya umbo lile lile. Limejiunga na kundi la kipofu, kiziwi, kiwete na kilema, maneno ambayo kwa umbo yanaketi pamoja na kiti na kikapu. Sisemi kwamba ngeli ndiyo inayoleta dharau. Wapo viziwi wengi wanaojiita viziwi bila kinyongo. Ninachosema ni kwamba hali inapochukua nafasi yote ya jina, mtu hubaki bila pa kukaa ndani ya sentensi. Kiambishi -enye, katika "mtu mwenye ugonjwa wa akili", kinamrudishia nafasi: kwanza ni mtu, kisha ana ugonjwa, na siku moja anaweza asiwe nao.

Hospitali zilizogeuka matusi

Ushahidi ulio wazi zaidi wa uzito wa maneno haya ni majina ya hospitali. Hospitali ya Butabika, mashariki ya Kampala, ilifunguliwa mwaka 1955 na ndiyo hospitali ya rufaa ya taifa kwa magonjwa ya akili. Kwa Mganda wa kawaida, Butabika si jina la hospitali tu wala la mtaa. Ni kivumishi. "Mtu wa Butabika" ni tusi linaloeleweka na kila mtu, pamoja na watoto wa shule ya msingi. Dodoma kuna Mirembe, iliyoanza miaka ya 1920. Watanzania husema "apelekwe Mirembe". Nairobi kuna Mathari, iliyoanza mwaka 1910. Mjini Zanzibar kuna Kidongo Chekundu. Nchi zinatofautiana kwa mengi, lakini katika hili zimefanana: kila moja imechukua mahali pa kutibia watu na kupageuza mahali pa kuwatupia watu.

Kwa msomaji wa Kampala kuna uchungu wa ziada. Kwa Kiganda, mirembe ni amani. Neno ambalo mama hulitumia kumpa mwanawe jina zuri, ukivuka mpaka na kufika Dodoma, hutumika kumtukana mtu.

Athari yake si ya kilugha tu. Kijana anayeanza kusikia sauti usiku, au mama aliyejifungua na kujikuta hana hamu ya kuishi, anahitaji kwenda hospitali. Lakini ili aende, lazima apite katika tusi ambalo yeye mwenyewe amewahi kulisikia sokoni, na pengine kulitamka. Anajua kwamba akionekana langoni, jina la mahali litamfuata nyumbani. Ndiyo maana wengine husema wanakwenda kutibiwa malaria. Wapo wasiokwenda kabisa.

Magazeti na swali la "nani kasema?"

Sasa tuangalie uandishi wa habari. Ili nisimwonee mhariri mmoja, nitatumia sentensi nilizozitunga mwenyewe kwa kufuata mtindo ambao msomaji yeyote wa magazeti ya Afrika Mashariki ataufahamu. Ya kwanza: "Mwendawazimu aua jirani kwa panga." Ya pili: "Mtu mmoja anayesadikiwa kuwa na matatizo ya akili amekutwa juu ya mnara." Ya tatu: "Serikali imekuwa kichwa cha mwendawazimu."

Sentensi ya kwanza inajifanya inatoa habari, lakini tayari imetoa hukumu mbili. Imeamua kwamba mtu fulani ni mgonjwa, kazi ambayo ni ya daktari. Imeamua pia kwamba ugonjwa huo ndio uliomfanya aue, kazi ambayo ni ya mahakama. Ugomvi wa shamba, pombe, deni au wivu havihitaji kuchunguzwa tena. Msomaji naye hufunga gazeti akiwa amejifunza kitu kimoja: kwamba wagonjwa wa akili huua. Hakuna anayeandika "Mwenye kisukari aua jirani", hata kama muuaji ana kisukari.

Sentensi ya pili ni ya adabu zaidi. Imekwepa neno kichaa na kutumia "matatizo ya akili". Lakini tazama kitenzi: "anayesadikiwa". Anasadikiwa na nani? Na daktari, na polisi, na dada yake, au na watu waliokuwa wakipita na kumpiga picha kwa simu? Kauli ya kutendwa imemficha msemaji. Mwandishi ambaye angekataa kuandika "anasadikiwa kuwa mwizi" bila kutaja chanzo, hapa hana wasiwasi, kwa kuwa mwizi anaweza kushtaki gazeti na mgonjwa hatashtaki.

Sentensi ya tatu inahitaji kufafanuliwa. Msemo wa kichwa cha mwendawazimu umeenea sana katika kurasa za michezo za Tanzania, na unanasibishwa na Rais wa awamu ya pili, Ali Hassan Mwinyi, ambaye inasemekana aliifananisha timu ya taifa ya soka na kichwa ambacho kila mtu hujifunzia kunyoa. Ni picha yenye nguvu, na waandishi wengi wameirithi. Hata hivyo, hebu tuitazame picha yenyewe. Kuna mtu ameketi. Watu wanampitisha wembe kichwani mmoja baada ya mwingine, si kwa sababu anahitaji kunyolewa bali kwa sababu wao wanahitaji kujifunza. Akikatwa, si neno. Utani huu unachekesha kwa sharti moja tu: kwamba msomaji awe amekubali, kabla ya kucheka, kuwa mwili wa mgonjwa hauna mwenyewe. Timu ndiyo iliyohurumiwa. Yule mwenye kichwa hakuna aliyemuuliza.

Kunyang'anya kauli

Nilisema kwamba kazi ya kwanza ya maneno haya ni kumnyima mtu kauli. Kampala imelishuhudia hilo mahakamani. Mwezi wa Aprili 2017 Dkt. Stella Nyanzi, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, alikamatwa baada ya kuandika Facebook maneno makali dhidi ya Rais Museveni. Nyuma ya matusi yale kulikuwa na swali la kisiasa: ahadi ya uchaguzi ya kuwapa wasichana wa shule taulo za hedhi ilikwenda wapi? Alipofikishwa katika Mahakama ya Buganda Road, upande wa mashtaka uliomba apimwe akili. Msingi wa ombi ulikuwa Sheria ya Matibabu ya Akili ya mwaka 1938, iliyotungwa wakati wa ukoloni. Nyanzi alikataa kupimwa. Mawakili wake walikwenda kuipinga sheria hiyo, naye akaachiwa kwa dhamana mwezi uliofuata.

Mtu anaweza kuyachukia maneno ya Nyanzi. Wengi waliyachukia, na hiyo ni haki yao. Lakini kuchukia maneno ni kuyajibu. Kumpima akili aliyeyasema ni kutangaza kwamba hayahitaji jibu. Kama angethibitishwa kuwa mgonjwa, swali la taulo lingebaki pale pale, ila lingekuwa swali lililoulizwa na kichaa, na kwa hiyo si swali.

Kenya nayo ina mfano wake. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga kujengwa kwa jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Rais Moi alisema kwamba waliokuwa wakipinga walikuwa na wadudu kichwani. Hakusema kwamba hesabu za Maathai kuhusu ardhi au mikopo zilikuwa na kosa. Alisema kichwa chake ndicho chenye kosa. Jumba halikujengwa, na mwaka 2004 mwenye "wadudu kichwani" alitunukiwa Nobeli ya Amani.

Si marais pekee wanaofanya hivi. Kuna msemo ambao wanasiasa wetu wanaupenda: mwendawazimu akikuibia nguo ukiwa unaoga, usimkimbize ukiwa uchi, la sivyo watu watadhani nyote wawili ni vichaa. Ni msemo wenye busara kwa mtu aliyetukanwa bure. Lakini hutumiwa zaidi na mtu aliyeulizwa swali gumu kuhusu fedha za umma. Mwandishi anayeuandika bila kurudia swali lenyewe amemsaidia mwenye cheo kutoka bafuni akiwa amevaa.

Kutoa msamaha

Kazi ya pili ni kinyume chake, na Uganda inaijua kuliko nchi nyingi. Idi Amin alitawala kuanzia Januari 1971 hadi Aprili 1979. Katika magazeti ya nje, na baadaye katika mazungumzo yetu wenyewe, maelezo mepesi ya miaka ile yamekuwa neno moja: alikuwa kichaa. Neno hili linaonekana kama shutuma kali. Kwa kweli ni msamaha, tena wa watu wengi.

Tuuchunguze utawala wenyewe. Mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 kuondoka nchini. Amri hiyo ilihitaji makarani wa kukagua hati, askari wa kusimama vizuizini na kamati za kugawa maduka, na pia watu wa kuyapokea maduka hayo. Idara ya usalama iliyoitwa State Research Bureau ilikuwa na ofisi Nakasero, ilikuwa na magari, mishahara na watoa habari. Mahakama za kijeshi zilikuwa na maofisa walioketi na kusikiliza. Hakuna mgonjwa anayeweza kuendesha mambo hayo yote kwa miaka minane kwa nguvu ya ugonjwa wake. Yaliendeshwa na watu waliokuwa na akili timamu na waliorudi nyumbani jioni kula. Tukisema "Amin alikuwa kichaa", tumefunga faili la kila mmoja wao kwa neno moja. Aliyepokea duka hahusiki, wala aliyetoa jina la jirani. Nchi za nje zilizomkaribisha mwanzoni nazo zimenawa mikono.

Mgonjwa naye amebebeshwa mzigo usio wake. Mtu aliyelazwa Butabika leo, ambaye hajawahi kumdhuru hata kuku, anashiriki jina moja na mtawala aliyeacha makaburi.

Sheria imetutangulia

Yawezekana msomaji akasema kwamba ninadai makubwa, kwamba lugha haibadiliki kwa insha. Nakubali kwamba insha haibadilishi lugha. Lakini sheria, ambayo kwa kawaida hutembea polepole kuliko midomo ya watu, tayari imesogea. Sheria ya adhabu ya Uganda ilikuwa na kifungu cha kuwalinda watu wenye ulemavu wa akili dhidi ya unajisi, na ndani yake iliwaita kwa maneno ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili tungeyatafsiri kuwa mapunguani na mataahira. Sheria ilikuwa inawalinda huku inawatukana. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba, katika kesi iliyopelekwa na shirika la CEHURD, ilikubali kwamba maneno hayo yanadhalilisha utu na ikaelekeza kifungu kisomwe kwa maneno mengine. Kisha Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 ikaifuta ile ya 1938.

Magazeti pia yana historia ya kubadilika. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi Tanzania kuanzia mwaka 2007, neno zeruzeru lilianza kupungua katika kurasa za habari, na leo mwandishi makini huandika "mtu mwenye ualbino". Aliyeitwa mwathirika wa Ukimwi leo anaitwa mtu anayeishi na virusi. Mabadiliko hayo yalikuja kwa sababu wahusika wenyewe walidai kutajwa kama watu, na baadhi ya wahariri wakasikia.

Hata hivyo, sina imani kubwa na kubadilisha maneno peke yake. Siku hizi tuna msemo mpya, "changamoto ya afya ya akili". Ni msafi, unapendeza kwenye warsha, na unaweza kubeba uonevu ule ule. Mwandishi anayeandika "mwenye changamoto ya afya ya akili aua jirani" amebadilisha shati tu. Tena changamoto ni neno lililochoka. Barabara mbovu ni changamoto, ukosefu wa chaki ni changamoto. Mgonjwa wa skizofrenia hana changamoto. Ana ugonjwa, na ugonjwa una dawa, na dawa zinaweza kuwa zimekwisha hospitalini. Hiyo ndiyo habari.

Wala sitaki neno kichaa lifutwe katika fasihi. Riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1974, *Kichwamaji*, ina jina ambalo mtaani hutumika kumbeza mtu. Lakini mwandishi anatuingiza ndani ya kichwa hicho na kutuacha humo hadi mwisho mchungu wa Kazimoto. Baada ya kusoma, hatuwezi kulitamka neno hilo kwa wepesi ule wa awali. Fasihi hulitumia neno ili kutusogeza karibu na mtu. Kichwa cha habari hulitumia ili kutuweka mbali naye.

Kwa hiyo ninapendekeza maswali matatu badala ya orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku. Kabla ya kuandika kwamba mtu ni kichaa, tujiulize: nani kasema, na ana ujuzi gani wa kusema? Je, neno hili linanipunguzia kazi ya kueleza sababu? Na mtu mwenye ugonjwa huu akisoma sentensi yangu, atajikuta ndani yake kama mtu au kama mfano?

Maswali haya yanatuhusu sisi wa Uganda kwa namna ya pekee. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maelfu ya watoto watajifunza neno kichaa kutoka kwa walimu na vitabu, si kutoka kwa bibi zao. Vitabu hivyo bado vinaandikwa, na baadhi yetu tuliomo katika mkusanyiko huu ndio tutakaoviandika. Mwalimu akifika kwenye somo la ngeli na kuhitaji mfano wa nomino ya KI-VI inayomtaja mtu, atakuwa na nafasi ya kuchagua. Anaweza kuandika ubaoni "Kichaa anacheka" na darasa likacheka pamoja naye. Anaweza pia kuandika "Kijana amepona".